Kusoma Mwisho Kinyumenyume

Katika kiwanda kile cha chapa walimwita Jicho, na jina lenyewe alilipata kwa haki. Alikuwa msahihishaji. Kazi yake ilikuwa kusoma kila kitu kabla hakijaingia mashineni: vitabu vya shule, kalenda, katiba za vyama vya ushirika, kadi za mialiko. Herufi iliyoruka, mstari uliojirudia, namba ya ukurasa iliyokosewa, vyote alivinasa. Hakuwa amesomea kazi hiyo popote. Aliingia pale kama mfagiaji, akawa anasoma karatasi zilizoharibika kabla ya kuzitia pipani, hadi siku moja akamwambia meneja kwamba kalenda iliyochapwa jana ina Jumatano mbili katika juma moja. Ufagio aliuacha siku hiyo hiyo, na sasa ulikuwa mwaka wa kumi na nne.

Alikuwa na taratibu zake. Rula ya mbao chini ya mstari, penseli iliyochongwa pande zote mbili, na kila baada ya kurasa kumi alipumzisha macho kwa kutazama ukuta mtupu. Na alikuwa na utaratibu mmoja ambao wenzake waliusifu sana: ukurasa wa mwisho wa kitabu aliusoma kinyumenyume. Alianza na neno la mwisho kabisa, chini, akapanda neno baada ya neno hadi la kwanza kule juu. "Mwishoni ndipo macho huchoka," aliwahi kumweleza meneja. "Ukisoma kinyume, akili haiwezi kukimbilia mbele. Unaliona neno lenyewe." Meneja alifurahi, akawa anawasimulia hata wateja.

Maelezo yale yalikuwa ya kweli, lakini hayakuwa sababu. Sababu ni kwamba Jicho hakuwa amesoma mwisho wa kitabu chochote tangu alipokuwa na miaka kumi na mmoja.

Mwaka huo baba yake aliugua, na kila jioni yeye alikaa ukingoni mwa kitanda akimsomea kitabu kinene cha habari za wasafiri wa jangwani. Kurasa mbili, tatu, kisha baba angeinua kidole: basi. Jioni moja hakuinua kidole. "Leo tumalize," alisema. Wakamaliza. Baba akasema, "Vizuri," akageukia ukutani, na asubuhi hakuamka.

Jicho hakuwa mjinga. Alijua kwamba baba yake aliuawa na mapafu, si ukurasa. Ungemuuliza kama anaamini, angekujibu haamini. Ila hakuthubutu. Kati ya kutoamini na kuthubutu pana nafasi kubwa, na yeye alikuwa ameishi humo miaka thelathini na miwili, akiacha vitabu vimebakiza ukurasa mmoja, akitoka sebuleni filamu inapokaribia kwisha, akijifanya anakwenda kuangalia sufuria.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Mama yake alikuwa hospitalini, akisubiri kutolewa mfuko wa nyongo saa nane mchana. Daktari alisema upasuaji si mkubwa, kisha akaongeza kwamba umri wa mama na moyo wake vinamfanya aende kwa tahadhari, na Jicho alilisikia lile la pili tu. Mdogo wake wa kiume, kitindamimba, ndiye aliyekuwa huko. Jicho naye alifika alfajiri, lakini mama alimfukuza.

"Nenda kazini," alimwambia. "Ukikaa hapa utanitazama kama maiti, na mimi bado nina mambo yangu."

Akaenda kazini. Kazi iliyokuwa mezani ni kitabu cha ngano, hadithi ishirini na tatu zilizokusanywa na mwalimu mmoja mstaafu kwa ajili ya shule za msingi. Jicho alikuwa amekimaliza jana yake na kutia saini kila karatasi. Sehemu kubwa ilikwisha kuchapwa. Ulibaki mkunjo wa mwisho, yaani karatasi moja kubwa yenye kurasa kumi na sita, ambao ungeingia mashineni saa tisa.

Wakati wa mapumziko alikaa na wenzake wawili kwenye mabenchi nyuma ya ghala la karatasi. Mmoja ni binti mpangaji wa kurasa, ambaye walimwita Kidole kwa sababu kidole gumba chake hakikutulia juu ya simu. Wa pili ni Fundi, mzee wa mashine, mwenye wino uliokwisha kuwa rangi ya ngozi kwenye kucha.

Jicho alikwisha kuwaambia kuhusu upasuaji wa mama yake, na hakuweza kula. Alitoa simu, akafungua mchezo wa kupanga vigae vya rangi ili mikono ipate cha kufanya. Kidole akachungulia.

"Dada Jicho, leta hiyo simu nikusaidie. Uko hatua ya mia moja tisini na tisa tangu mimi nianze kazi hapa."

"Naipenda hii."

"Imebaki moja tu. Mtu hapendi hatua, Dada. Mtu anapenda kushinda."

"Mwache," Fundi alisema. "Wewe mwenyewe kabla hujacheza unaipulizia simu kama chai ya moto."

"Napuliza vumbi."

"Vumbi gani la ndani ya kioo?"

"Na wewe, Mzee, unavyoichapa mashine makofi mawili kila asubuhi? Inaamka kwa makofi?"

"Ile ni salamu. Siku niliyosahau ilitafuna rimu nzima. Uliza."

"Nimwulize nani, mashine?"

Jicho alicheka pamoja nao, cheko la midomo tu. Siku nyingine mazungumzo ya namna hii aliyapenda sana. Alikuwa akiweka kichwani, bila kumcheka mtu, mambo madogo ambayo watu wazima wenye akili timamu huyafanya wakidhani hawaonekani. Meneja alipita mlango wa nyuma siku za kufungua zabuni. Dada wa mapokezi hakuweka mkoba sakafuni hata kama mvua ilikuwa imelowesha kila kiti. Mlinzi alihesabu hatua za ngazi kwa sauti, akipanda tu, akishuka hahesabu. Kila mmoja na kauzi kake kasikoonekana alikojifunga nako. Wote walitaniana kwa hayo, lakini hakuna aliyewahi kumtania Jicho kuhusu ukurasa wa mwisho. Ushirikina wake ulikuwa umevaa nguo za ujuzi.

Saa nane kasoro dakika tano ujumbe uliingia kutoka kwa mdogo wake: *Wamekuja kumchukua.*

Aliusoma mara tatu. Akarudi mezani, akapanga penseli zake sambamba, akazipangua.

Saa nane na robo mwalimu mstaafu akaingia, kofia mkononi. Hakuwa na shida yoyote. Alikuja kunusa kitabu chake, kama wafanyavyo wengi siku ya kuchapwa. Alivuta kiti karibu na meza ya Jicho.

"Mwanangu, niambie kweli. Ile ya mwisho umeionaje?"

"Nzuri sana, Mwalimu."

"Unaikumbuka? Ya binti aliyemwazima ndege sauti."

"Nitaisahauje?" Hadithi aliikumbuka kweli, ukiacha ukurasa wake wa mwisho. Binti mwenye sauti ya ajabu anamwazima ndege bubu sauti yake kwa msimu mmoja wa mavuno, ili naye apate kumwita mwenzake. Msimu unakwisha, ndege harudi. Binti anafunga safari kumtafuta. Hapo ndipo Jicho alipoiacha.

"Na mwisho wake? Umenitoa jasho. Nimeuandika upya mara saba."

"Umekaa vizuri."

"Pale ndege anapofungua mdomo, inatoka sauti ileile ya binti. Mke wangu nilipomsomea alilia. Wewe hukulia?"

"Nilijizuia, Mwalimu."

Mzee aliridhika. Alisimama, akaipapasa meza kama anavyopapaswa mtoto kichwani, akatoka na kupanda baiskeli yake. Simu huwa habebi. Anasema mtu akimhitaji anajua nyumbani kwake.

Jicho alibaki na mkono juu ya meza palepale alipopapasa mzee. Kulikuwa na kitu hakikai sawa, na ilimchukua muda kukijua. Yeye alikuwa na kumbukumbu ya maneno. Ukurasa alioutia saini jana bado ulikuwa kichwani mwake jinsi alivyoukwea, kutoka chini kwenda juu. Raha. Kwa. Wakaishi. Halafu zizi, halafu ng'ombe, halafu mahari, shangazi, binti, ndugu. Alipanda nayo hadi neno la kwanza, akashuka tena.

Hakuna ndege. Hakuna sauti. Hakuna hata mdomo.

Alivuta droo, akatoa nakala ya karatasi ile yenye saini yake, akaifunika na rula, kisha na kiganja. Kuijua kweli kulihitaji dakika moja: atoe mkono, asome kuanzia juu kama watu wote. Na ndiyo dakika ambayo mama yake alikuwa amelala mahali fulani, tumbo wazi kwa watu asiowajua, moyo wake wa kwenda kwa tahadhari ukihesabiwa na chombo.

Saa nane na nusu. Kutoka ukumbini alisikia Fundi akifuta mitambo na kujisemesha.

Aliibeba karatasi kwa Kidole.

"Mdogo wangu, nisomee huu ukurasa. Niambie kama uko sawa."

Kidole aliupitia upesi, midomo ikicheza. "Uko sawa. Wanaoana, ng'ombe wanajaa zizini, wanaishi kwa raha. Kuna nini?"

"Hadithi yenyewe unaijua?"

"Dada, mimi napanga. Nikianza kusoma sitapanga."

"Humo kuna ndege?"

Kidole akaangalia tena. "Hakuna."

"Tafuta."

Kidole aligeukia kompyuta, akafungua kabrasha la mwalimu. Mwalimu alikuwa ameleta kila hadithi katika faili lake, kisha mwezi uliopita akarekebisha miisho miwili, wa hadithi ya kumi na mbili na wa hadithi ya ishirini na tatu, akaileta kwa siku mbili tofauti. Yote miwili aliipa jina moja: *mwisho*. Kidole aliitazama ile miwili, akapiga ulimi.

"Mimi nimeharibu," alisema polepole. "Nimechukua mmoja nikauweka mara mbili." Alifungua ukurasa wa tisini na tatu, akauweka kando ya ule wa mwisho. Ulikuwa uleule, nukta kwa nukta. Kisha akageuka na kumtazama Jicho, na uso wake ukabadilika. "Lakini Dada. Huu wa tisini na tatu uliusoma wiki jana, hata ukacheka pale pa shangazi. Na huu ulisaini jana. Hukuona kwamba ni mmoja?"

Jicho alitamani kusema macho yalichoka. Neno lilifika hadi kwenye meno.

"Sikuusoma," alisema. "Kurasa za mwisho za vitabu huwa sizisomi. Nakagua maneno tu, moja moja, kinyume, ili nisijue yanasema nini."

"Tangu lini?"

"Tangu baba." Akamweleza, kwa maneno machache, akitazama kibodi. Kitanda, wasafiri wa jangwani, asubuhi yake. Alipomaliza alingoja kicheko, na moyoni alikuwa akikitamani. Mtu angecheka, angesema acha mambo hayo, pengine kitu kile kingekatika.

Kidole hakucheka. "Na mama saa hizi yuko ndani?"

"Yuko ndani."

"Basi usisome," Kidole alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Leo usisome, Dada. Usifanye mchezo. Mimi naweka huu mwingine, nautazama mwenyewe, wewe utie saini tu."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia mtu, na mtu huyo alikuwa ameogopa pamoja naye. Jicho alihisi hofu yake ikipata miguu. Hadi dakika ile ilikuwa jambo la ndani, la kujificha jikoni. Sasa ilisimama katikati ya chumba, watu wawili wakiitazama.

Fundi akatokea mlangoni, kitambaa begani. "Mbona mmenuniana? Bamba la kuchapia liko tayari, nawangoja ninyi."

Ikabidi aambiwe. Aliambiwa la ukurasa kwanza, na hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba bamba jipya atalitengeneza kwa dakika ishirini, ila vitabu vinachukuliwa kesho asubuhi, na saa kumi na mbili mashine ina kazi ya watu wengine. "Ingekuwa yangu," alisema, "ningewangoja hata wiki." Kisha Kidole, bila kuombwa, akamwambia na lile la pili. Jicho alikosa pa kuweka uso.

Fundi alijifuta vidole kimoja kimoja. "Mimi siwezi kukwambia ni upuuzi," alisema mwishoni. "Mtu anayeichapa mashine makofi hana ulimi huo."

"Ndiyo nilivyosema," Kidole alidakia. "Nitasoma mimi."

"Wewe unaijua hadithi?"

"Nitajua makosa ya herufi."

"Yeye pia jana alijua makosa ya herufi." Fundi hakuwa na ukali, na hilo ndilo lililouma. "Mimi nataka saini ya mtu aliyesoma. Iwe ya nani, amueni. Naenda kuosha bamba."

Akaondoka. Kidole aliuchapa ukurasa mpya, akauweka mezani ukiwa umegeuzwa uso chini, kwa heshima, kama mtu anayeweka kitu chenye ncha kali.

Jicho aliuchukua hadi mezani kwake. Aliweka rula, si juu bali chini, kwa mazoea ya miaka yote. Neno la mwisho lilikuwa *mikono*. La kabla yake *yake*. Alipanda maneno mawili, matatu, penseli ikigusa kila moja, kisha penseli ikasimama. Ukurasa mzima wa hadithi nyingine ulikuwa umempita chini ya rula hii, ukurasa ambao wiki moja kabla aliucheka, na hakuujua. Angeweza kupanda tena hadi juu, aweke saini, na saini ingekuwa haina tofauti na ya mtu aliyefumba macho. Watoto wangapi? Nakala elfu tatu, na darasani kitabu kimoja husomwa na wanne.

Simu ilikuwa kimya. Aliilaza kioo chini, akaiinua, akailaza tena.

Akaihamisha rula juu.

Alisoma kama anayevuka mto kwa kupapasa mawe. Binti anatembea siku tatu, anaufikia mti. Ndege anafungua mdomo, inatoka sauti ya binti. Hapo Jicho alisimama, akasikiliza kama jengo lina mabadiliko. Kompyuta ya Kidole ilivuma. Mtu alivuta kiti ghorofani. Akaendelea. Ndege hamwiti mwenzake tena. Anawaita makinda wanne, na makinda hawajui mwito mwingine wowote duniani. Binti anangoja hadi jua linazama. Sentensi moja ilikuwa imerudiwa, akaikata. Palikuwa na nukta iliyokosekana, akaitia. Alama ilitoka kama ya mtoto wa darasa la kwanza. Kisha mstari wa mwisho: binti anarudi nyumbani bila kudai kitu, na watu wake wanajifunza kuisikiliza mikono yake.

Basi. Ulikuwa umekwisha. Alibaki ameushika ukurasa kwa vidole viwili. Hakuhisi raha wala huzuni. Alikuwa kama mtu aliyedondosha sahani na bado hajasikia ikivunjika.

Alitia saini, akampa Kidole ambaye hakumtazama usoni, na Kidole akarekebisha, akampelekea Fundi.

Saa tisa na dakika tano simu ikalia. Mdogo wake. Vidole vilikataa kuteleza juu ya kioo hadi mara ya tatu.

"Sema," alisema.

"Dada, bado."

"Bado nini?"

"Hawajamwingiza. Walimchukua, wakamfikisha mlangoni, ikaja ajali, wakamweka kando. Yupo hapa kwenye kitanda cha magurudumu. Wanasema zamu yake saa kumi. Anawagombeza watu."

Jicho alikaa. Kumbe alikuwa amesimama. Muda wote ule, alipokuwa akiogopa kwa kila neno, mama yake alikuwa kwenye korido akigombeza watu. Ukurasa ulikwisha kabla kitu chochote hakijaanza. Hakujua kama hilo ni nafuu au ni baya zaidi, maana sasa hofu yote ilikuwa bado mbele, na yeye hakuwa na kitu cha kuzuia tena.

"Nipe huyo," alimsikia mama yake. Kisha sauti yenyewe, kavu kwa kiu. "Unafanya nini?"

"Nasoma, Mama."

"Nini?"

"Hadithi. Ya binti aliyemwazima ndege sauti."

"Enhe. Sina kazi hapa. Nieleze."

Alimweleza. Alijisikia akisimulia vizuri, na kwa muda alisahau. Msimu wa mavuno, ndege kutorudi, siku tatu za kutembea. Akaufikia mti, ndege akafungua mdomo. Hapo akatambua mahali alipofika. Upande mmoja yuko yeye, upande wa pili mzazi wake kitandani, na umebaki mwisho tu. Alikuwa ameuvuka mto mara moja leo, na mto ulikuwa umezunguka ukaja mbele yake tena.

"Halafu?"

"Nitakumalizia ukitoka, Mama."

"Nikitoka nitakuwa na dawa kichwani, sitaelewa kitu. Halafu?"

"Ukitoka."

"Hebu usinifanye mtoto. Wamenivisha kofia ya karatasi, wamenilaza mlangoni kama mzigo usio na mwenyewe, na wewe unanificha habari za ndege."

Jicho alifumba macho. Uongo aliufikiria. Angeweza kumpa mwisho wa ng'ombe na mahari, na mama asingejua. Lakini huo nao ungekuwa mwisho. Na kunyamaza je? Mama angeingia mle ndani akimjua bintiye kuwa mtu aliyemwacha njiani.

Akamwambia. Makinda wanne, jua kuzama, kurudi mikono mitupu, watu kujifunza kusikiliza mikono. Alilisema neno la mwisho polepole, kisha akangoja.

Mama hakujibu. Palikuwa na mkwaruzo, magurudumu, mtu akisema samahani. Kisha mdogo wake: "Dada, wamepata nafasi. Wanamwingiza sasa hivi."

"Amesema nini?"

"Nani?"

"Mama. Amesema vizuri?"

"Hakusema kitu. Kwani vipi?"

Nyuma ya ukuta mashine ilianza, na sakafu yote ikatetemeka.

Meneja alimruhusu bila maswali. Maelezo ya ukurasa yangengoja kesho, na alijua yatakuwa marefu. Saa kumi na nusu alikuwa hospitalini, kwenye kiti cha plastiki kando ya mdogo wake, aliyekuwa akicheza mchezo wa magari kwenye simu bila sauti, akigonga ukuta uleule kila mara. Baada ya saa nzima Jicho aligundua kwamba mguu wake wa kushoto haujaondoka juu ya kigae kimoja chenye ufa tangu alipokaa, na kwamba haukuganda kwa bahati. Alikuwa ameuweka pale. Miaka thelathini na miwili ilikuwa imekatika mchana ule, na mwili haukungoja hata jioni kujitafutia kamba nyingine. Aliutazama mguu. Hakuuondoa.

Saa moja kasoro muuguzi alikuja na kusema wamemaliza, imekwenda vizuri, ila usiku huu ndio wa kumwangalia. Waliruhusiwa kuingia mmoja mmoja, dakika tano. Mdogo wake alisema, "Tangulia."

Mama alikuwa mdogo kuliko asubuhi. Midomo ilikuwa imebabuka. Alifungua jicho moja, likamtafuta, likampata.

"Sikuupenda," alisema.

"Nini, Mama?"

"Huo mwisho. Angemdai. Sauti ni yake."

"Na makinda?"

"Wangezoea." Alimeza mate kwa shida. "Mwambie aliyeandika."

"Nitamwambia."

"Umwambie," alisema mama, akageuza uso upande wa ukuta, akalala.

Jicho hakugusa kitu. Alisimama pale akilitazama shuka likipanda na kushuka, akahesabu hadi muuguzi alipokuja kumwambia dakika tano zimekwisha. Akamwomba moja zaidi, akaanza kuhesabu upya.